Betri za Kutupa au za Kuchaji: Jinsi ya Kuamua Kifaa kwa Kifaa

Malalamiko yanayonifikia kuhusu betri za kuchaji yanafanana kama mapacha. Mtu amenunua nne, amezipachika kila mahali, na mwezi haujaisha. Tochi inafifia, rimoti imegoma, na chaja inawasha taa ya kijani wakati betri hazina kitu. Anarudi kwenye zile za kutupa huku akiapa kwamba za kuchaji ni utapeli. Nikimuuliza alizitia wapi na chaja yake ni ya aina gani, jibu ni lile lile: alizitia popote palipokuwa wazi, na chaja ilikuja bure ndani ya pakiti.

Usiulize betri ipi ni bora kwa nyumba nzima. Uliza kifaa hiki kinakula betri kwa kasi gani. Ukishajua hilo, mengine yote yanajipanga.

Mwongozo huu ni wa betri za kawaida za nyumbani: AA, AAA, C, D, ile ya mstatili ya volti 9, na zile bapa kama kifungo cha shati.

## Vitu vya kuandaa

- Karatasi na kalamu.
- Kalamu ya wino usiofutika, ya kuandikia juu ya betri.
- Mita ya kupimia umeme (multimita), hata iwe ile rahisi kabisa.
- Siki, vijiti vya pamba na glovu, kwa ajili ya vifaa ambavyo betri zimevuja ndani.
- Kopo la plastiki lenye mfuniko na selotepu, kwa ajili ya betri zilizokufa.

Chaja na betri mpya hazimo kwenye orodha kwa makusudi. Ukinunua kabla ya Hatua ya 5 utanunua vibaya.

## Hatua ya 1: Fungua kila kifaa na uandike

Zunguka nyumba nzima. Fungua rimoti, saa ya ukutani, tochi, redio, mizani, mashine ya kupima presha, midoli, kipanya cha kompyuta, kengele ya moshi. Andika mambo matatu: kifaa gani, kinatumia betri ngapi za saizi gani, na mara ya mwisho ulizibadilisha lini.

La tatu ndilo gumu, na ndilo lenye maana. Kama hukumbuki kabisa, hilo nalo ni jibu: kifaa hicho kinakula polepole. Kile ambacho watoto wanakulilia kila baada ya wiki mbili hutahitaji kukitafakari.

Utajua umemaliza ukiwa na karatasi moja yenye vifaa vyote. Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza nilidhani nina vifaa kumi. Vilikuwa ishirini na tatu, na viwili vilikuwa na betri zilizovuja ambazo sikujua zimo.

## Hatua ya 2: Soma herufi zilizo kwenye ganda

Usitazame rangi wala picha. Tafuta maandishi madogo yenye herufi na tarakimu. Kwa betri ya AA utakuta mojawapo ya haya:

- R6: zinki-kaboni, ya kutupa, dhaifu kuliko zote. Hizi ndizo zenye maneno makubwa "Heavy Duty" (kazi nzito) ubavuni. Maneno hayo yasikutishe.
- LR6: alkalaini, ya kutupa.
- FR6: lithiamu, ya kutupa, nyepesi mkononi.
- HR6: nikeli-metali hidridi, yaani NiMH, ya kuchaji.

Kwa AAA tarakimu ni 03 badala ya 6 (R03, LR03, FR03, HR03). Kwa C ni 14, kwa D ni 20.

Kuna sababu ya kuanzia hapa. Betri ya alkalaini ikitiwa kwenye chaja ya NiMH inaweza kutoa gesi, kuvuja, hata kupasuka, na kwa mbali zote mbili zinafanana. Ukiona LR, betri hiyo isikaribie chaja.

Onyo: kuna betri ya kuchaji inayoitwa 14500, ambayo umbo lake ni la AA kabisa lakini ina volti 3.7. Ukiitia mahali pa AA ya volti 1.5 unaweza kuunguza kifaa. Kama ganda limeandikwa 3.7V, iweke kando.

## Hatua ya 3: Gawa vifaa kwa kasi ya ulaji

Rudi kwenye karatasi yako. Kila kifaa kiweke kwenye kundi mojawapo.

Walafi: wanamaliza betri ndani ya miezi mitatu. Midoli yenye mota, tochi inayotumika kila usiku, taa ya mweko ya kamera, redio inayolia kutwa, vidhibiti vya michezo ya video. Hapa weka za kuchaji bila kusitasita.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Kifaa kinachokula betri mbili kila wiki mbili kinamaliza 52 kwa mwaka. Ukiwa na nne za kuchaji, mbili kazini na mbili zikisubiri, kila moja itachajiwa mara 13 tu kwa mwaka. Betri nzuri za NiMH hutengenezwa zichajiwe mara mamia kadhaa, na nyingine zaidi ya mara 2,000. Zitazeeka kwa umri kabla hujamaliza idadi hiyo.

Sababu ya pili wengi hawaijui. Alkalaini ni kama kibuyu chenye shingo nyembamba. Ndani mna maji ya kutosha, ila ukiyataka kwa haraka hayatoki. Kifaa kikivuta mkondo mdogo, AA ya alkalaini inatoa miliampia-saa (mAh, kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri) 2,000 hadi 2,800. Kikivuta ampia moja nzima, kama taa ya mweko inavyofanya, unapata chini ya nusu ya hizo, nyingine inapotea kama joto. NiMH ina mdomo mpana, kwa hiyo kwenye kazi nzito betri iliyoandikwa 2,000 inaishinda alkalaini iliyoanza na zaidi.

Wapole: betri inakaa mwaka au zaidi. Saa ya ukutani, rimoti, kipimajoto cha ndani, mizani. Weka za kutupa. Saa ya ukutani inavuta sehemu ya miliampia tu. Betri ya kuchaji hapo itajipunguza yenyewe huku saa ikila kidogo kidogo, na itachukua miaka mingi kabla haijarudisha gharama yake. Kwa saa na rimoti hata zinki-kaboni inafanya kazi, ingawa mimi natia alkalaini. Yoyote utakayotia, ifungue uikague mara moja kwa mwaka, maana betri iliyosahaulika ndiyo inayovuja.

Wa kati: miezi mitatu hadi mwaka. Kipanya na kibodi zisizo na waya, mashine ya presha. Hapa chagua upendavyo. Ningeelemea za kuchaji kwa kifaa cha thamani, kwa kuwa NiMH huvuja kwa nadra mno ikilinganishwa na alkalaini. Kipanya kilichooza ndani kinauma zaidi ya bei ya betri.

Wa dharura. Kengele ya moshi fuata kitabu chake neno kwa neno. Nyingi zinataja aina mahsusi ya betri na kukataza za kuchaji. Tochi ya dharura inayokaa kabatini itilie lithiamu ya kutupa (FR6). Inaweza kukaa ghalani hadi miaka 20, haiogopi baridi kali, na hata uzito wake ni karibu gramu 15 tu ukilinganisha na gramu 23 hivi za alkalaini. Ukitumia alkalaini, ihifadhi nje ya tochi, kando yake.

Betri za kifungo, kama CR2032, ni za kutupa, basi. Ipo ndugu yake ya kuchaji iitwayo LIR2032, lakini hiyo ina volti 3.6 wakati kifaa kinataka 3. Na kwa wenye watoto wadogo: betri hii ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Mtoto apelekwe hospitali papo hapo, asilazimishwe kutapika, na usingoje kuona dalili. Kifaa ambacho mfuniko wake wa betri haufungwi kwa skrubu kiondoe kabisa mikononi mwake.

## Hatua ya 4: Malizana na hofu ya volti 1.2

"Hii imeandikwa 1.2, na kifaa changu kinataka 1.5. Si itakuwa dhaifu?" Swali hili naliulizwa kuliko jingine lolote.

Alkalaini ni 1.5 siku ya kwanza tu. Kuanzia hapo inashuka kama mtu anayeteremka kilima: 1.4, 1.3, 1.2, mpaka 0.9. Ikifika nusu ya maisha yake inasoma karibu 1.25. NiMH inatoka kwenye chaja ikiwa na takriban 1.4, inashuka upesi hadi 1.2 hivi, inatembea tambarare kwa sehemu kubwa ya safari, kisha inaporomoka mwishoni. Kwa hiyo kifaa kinachokataa volti 1.2 kingekuwa kinakutupisha alkalaini zikiwa bado na nusu ya chakula. Vifaa vya namna hiyo vipo, ila ni vichache.

Mambo mawili yatakuudhi hata hivyo. Kipimo cha betri kwenye kifaa kitaonyesha "nusu" hata kama umetoka kuchaji, kwa kuwa kinapima kwa kanuni ya alkalaini. Na onyo la betri kuisha litachelewa, mara likija kifaa kinazima. Ndiyo maana nasisitiza seti ya akiba.

Kama kifaa kimoja kimekataa kweli, kuna betri za kuchaji za lithiamu zinazotoa volti 1.5 bila kushuka, nyingi zikiwa na tundu la USB ubavuni. Ndani yake mna saketi ndogo inayoshusha volti. Zinafanya kazi, ila zina kasoro zao: zikiisha zinakatika ghafla bila onyo, na ile saketi inaweza kuleta mkwaruzo kwenye redio. Usizitie kwenye chaja ya NiMH kamwe.

## Hatua ya 5: Nunua kwa kusoma tarakimu

Hesabu betri za walafi wote, kisha ongeza seti moja ya akiba kwa kila saizi. Kwa nyumba nyingi ni AA nane na AAA nne. Anza na hizo.

Tafuta zile zinazohifadhi chaji. Betri za NiMH za mtindo wa zamani hupoteza robo ya chaji ndani ya mwezi mmoja zikiwa zimelala tu mezani. Zile za kizazi kipya, zilizoanza kuuzwa mwaka 2005 kwa jina la Eneloop na sasa zinatengenezwa na kampuni nyingi, hubaki na sehemu kubwa ya chaji hata baada ya mwaka. Dalili yake ni maandishi kwamba zimeshachajiwa, tayari kwa matumizi. Betri ya zamani isingeweza kuuzwa hivyo, ingefika kwako ikiwa tupu.

Usikimbilie mAh kubwa. AA ya kweli ya NiMH ina 1,900 hadi karibu 2,800. Ukiona 3,500 au 9,900, hiyo ni hadithi. Hata kati ya zile za kweli, zenye uwezo wa juu huchoka mapema: katika familia ya Eneloop, ya 2,000 inatajwa kuchajiwa mara 2,100, na ile ya uwezo wa 2,550 mara 500 tu. Kwa matumizi ya nyumbani nachukua ya 2,000.

Angalia kipimo ni kipi. Zile za lithiamu za volti 1.5 huandikwa mWh (miliwati-saa, yaani mAh mara volti) ili tarakimu ionekane nene. Gawa kwa 1.5: 3,000 mWh ni 2,000 mAh. Ni kiasi kile kile.

Kwa D, tumia mkono wako. D ya kweli ya NiMH yenye 8,000 mAh au zaidi ni nzito, zaidi ya gramu 140. Nyingi za bei ya chini ni AA iliyovishwa koti kubwa. Ukiishika na ikakushangaza kwa wepesi, irudishe.

Ya volti 9 ni kesi ngumu. Ya alkalaini ina 500 mAh hivi, ya kuchaji ya NiMH mara nyingi ina 200 hivi, tena mara nyingi volti zake ni 8.4 au 7.2. Isipokuwa kifaa kinaila kwa pupa, baki na ya kutupa.

## Hatua ya 6: Chagua chaja kwa makini kuliko betri

Hapa ndipo betri nyingi za kuchaji zinapouawa.

Chaja mbaya ina dalili mbili. Inalazimisha betri ziende mbili mbili kwa taa moja, na inahesabu saa tu bila kujua betri imejaa au la. Ukitia betri mbili, moja ikiwa nusu na nyingine tupu, ya kwanza itapikwa na ya pili itatoka na njaa. Taa ya kijani itawaka vile vile.

Chaja nzuri ina taa au kioo kwa kila tundu, inakubali hata betri moja peke yake, na inasimama yenyewe kwa kusoma volti. NiMH ikijaa, volti yake hushuka kidogo, na chaja yenye akili hukamata mshuko huo.

Kasi nayo ina mipaka yake. Kwa AA ya 2,000 mAh, mkondo wa miliampia (mA) 500 hadi 1,000 ni wa afya. Chaja ya dakika 15 huzichosha kwa joto. Polepole kupita kiasi nako kuna ubaya, kwani ule mshuko wa volti unakuwa mdogo hadi chaja isiuone.

Hesabu ya muda: gawa mAh kwa mkondo, zidisha kwa 1.2. Betri ya 2,000 kwa mkondo wa 500 ni saa 4, ukizidisha unapata karibu saa 5. Chaja ikikuambia "imejaa" baada ya dakika 20 kwa betri uliyojua ni tupu, betri hiyo imechoka.

## Hatua ya 7: Funga ndoa ya betri

Chukua kalamu ya wino. Kama kifaa kinatumia betri mbili, ziandike A1 na A2 pamoja na mwezi na mwaka. Seti inayofuata B1 na B2. Kuanzia leo A inatembea na A, inachajiwa pamoja, inachoka pamoja.

Hili nimejifunza kwa tochi yangu mwenyewe, ya AAA tatu. Mbili zilikuwa zimekufa, nikachukua mbili mpya za alkalaini nikaziunganisha na ya zamani iliyoonekana bado nzima. Tochi iliwaka, kisha ikafifia mapema mno. Nilipozipima, mbili zilisoma 1.31 na 1.30. Ya tatu ilisoma 0.12, na mbele yake kulikuwa na alama ya kutoa. Nilidhani nimeshika nyaya za mita kinyume, nikapima tena. Ndivyo ilivyokuwa: zile mbili zenye nguvu ziliisukuma ya tatu, iliyokwisha mapema, mpaka ncha zake zikageuka. Pembeni ya ncha hasi chozi lilikuwa limeshaanza kutoka.

Kwa hiyo usichanganye mpya na kuukuu, za kuchaji na za kutupa, wala kampuni mbili tofauti kwenye kifaa kimoja.

## Hatua ya 8: Chaji, pima, tunza

Chaji betri zote mpya za kuchaji kabla ya kuzitumia, hata kama zimekuja na chaji. Betri zina vuguvugu wakati wa kuchajiwa, ni kawaida. Zikiwa moto kiasi cha kutoshikika, chomoa.

Huna haja ya kusubiri NiMH iishe kabisa ndipo uichaji. Ushauri huo ulikuwa wa betri za nikeli-kadimiamu. Ubaya ni kinyume chake: kuiacha ndani ya tochi iliyowashwa mpaka izime kabisa. Taa ikianza kufifia, itoe.

Kupima, weka mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Kwa alkalaini: 1.5 na zaidi ni nzima, karibu 1.3 imefika kati, chini ya 1.1 imekwisha. Alkalaini iliyoshindwa kwenye mdoli ikiwa na 1.25 bado itaendesha saa ya ukutani kwa muda mrefu. Usiitupe. Kwa NiMH mita haisaidii sana kwa sababu ya ule mwendo wa tambarare, inakuonyesha iliyojaa na iliyokufa tu.

Huna mita? Angusha alkalaini wima, ncha bapa chini, kutoka sentimita mbili tatu juu ya meza ngumu. Mpya hutua kwa kishindo kizito, iliyotumika hurukaruka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walilichunguza jambo hili mwaka 2015 wakakuta mruko hufika kileleni betri ikiwa bado na karibu nusu ya chaji. Kuruka kunakuambia si mpya, hakukuambii imekwisha.

Chaja ikikataa betri ya NiMH: huenda imeshuka chini ya volti ambayo chaja inaitambua. Itie kwenye chaja ya kizamani, ile inayohesabu saa tu, kwa dakika tano hadi kumi ukiwa umesimama hapo hapo, kisha irudishe kwenye chaja nzuri. Ikikataa tena, imekufa.

Na ile tabia ya kuanika betri za kutupa juani au kuzing'ata ili zirudi: joto huharakisha kemia kwa dakika chache, kisha unapata mvujo. Acha.

## Hatua ya 9: Safisha zilizovuja, weka kando zilizokufa

Ukikuta ungaunga mweupe kwenye ncha, kama betri ilikuwa alkalaini, hiyo ni alkali iliyokauka na inaunguza ngozi. Vaa glovu. Toa betri, kung'uta unga kwenye karatasi, kisha gusa ncha kwa kijiti cha pamba chenye siki kidogo. Itatoa povu. Rudia mpaka povu liishe, pangusa kwa kijiti chenye maji kidogo, acha ikauke siku nzima kabla ya kutia betri mpya. Kama chuma kimebaki cheusi, kikwangue taratibu hadi king'ae.

Betri zilizokufa zitie kwenye kopo la plastiki, kamwe si la bati. Za lithiamu, za kifungo na za volti 9 zibandike selotepu kwenye ncha kwanza. Ya volti 9 ina ncha zote mbili upande mmoja, na hata ikionekana imekufa, ikigusana na funguo au sufi ya chuma inaweza kuwasha moto. Za kuchaji na za lithiamu zipeleke panapokusanywa betri au vifaa vya umeme vilivyokufa. Alkalaini za sasa hazina zebaki na sehemu nyingi huruhusu zitupwe na taka za kawaida, ila kama pa kuzipeleka papo, zipeleke zote pamoja.